Wakikubomolea nyumba: namna ya kufikisha malalamiko Banjul

Notisi ya kwanza niliyowahi kubandikiwa mlangoni niliibandua nikawashia jiko. Makaa yalikuwa yameloa na karatasi ile ilikuwa kavu. Ilitupa siku saba. Sikujua kwamba ninachokichoma ndicho kitu cha kwanza ambacho wakili angeniomba miezi kadhaa baadaye, nyumba ikiwa imeshalala chini na mabati yangu yameuzwa kwa kilo.

Mimi ni fundi wa cherehani, Nairobi. Baada ya kubomolewa mara mbili nilisomea usaidizi wa kisheria, na siku hizi watu wa mtaa wakipewa notisi huniletea kibandani pamoja na suruali za kupunguzwa. Wengi wameshasikia redioni habari za "kesi ya Banjul", na swali lao huwa moja: "Fundi, huko Banjul nauli ni ngapi?"

Nauli hakuna. Banjul ni mji mkuu wa Gambia, ndiko yaliko makao ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Malalamiko hutumwa kwa posta au kwa baruapepe. Hulipi ada. Hulazimiki kuwa na wakili, ingawa ukimpata anayeijua kazi hiyo usimwachie. Wala si lazima anayelalamika awe ndiye aliyebomolewa: kikundi cha mtaa, shirika au jirani anaweza kuwaandikia wengine. Kinachogharimu ni karatasi, na gharama hiyo huanza siku notisi inapobandikwa.

Kwanza ujue mlango wako

Watu huchanganya vyombo vitatu, na kosa hilo limewapotezea wengi muda.

Cha kwanza ni hiyo Tume ya Banjul, yenye makamishna 11. Kazi yake ni kusimamia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao kwa taarifa yako ulipitishwa papa hapa Nairobi, Juni 1981. Mkenya, Mtanzania au Mganda yeyote anaweza kuiandikia.

Cha pili ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Hii mtu binafsi hawezi kuiendea moja kwa moja mpaka nchi yake iwe imeweka tamko maalumu la kukubali. Kenya haijaweka. Tanzania iliweka mwaka 2010, ikaliondoa Novemba 2019, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa kesi mpya za raia wake. Njia inayobaki ni Tume yenyewe kuipeleka kesi yako huko. Ndivyo ilivyokuwa kwa Waogiek, jamii ya asili ya Msitu wa Mau hapa Kenya.

Cha tatu ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuifungulia kesi bila kwanza kumaliza mahakama za kwao. Raha hiyo ina bei yake: una miezi miwili tu tangu tendo litokee au tangu ulijue. Miezi miwili baada ya kubomolewa ni muda ambao wengi wetu tulikuwa bado tunalala kanisani tukitafuta chumba cha kupanga. Ukiona unaweza kuiwahi, mwone wakili wiki hiyohiyo, maana kesi ikishaamuliwa huko, Banjul haitaifungua upya.

Daftari kabla ya tingatinga

Nunua daftari kubwa la mraba, lile la hesabu. Kila nyumba ipewe ukurasa: jina la mwenye nyumba kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, alihamia mwaka gani, vyumba vingapi, watoto wangapi na wanasoma wapi, nani mgonjwa, nani mzee, nani ana ulemavu. Mwenye nyumba aweke sahihi au dole gumba. Mpangaji naye apewe ukurasa wake. Watu hupenda kumsahau mpangaji, na yeye ndiye anayelala nje.

Halafu chora ramani. Usiogope mchoro mbaya. Weka njia, bomba la maji, vyoo, nguzo ya stima, mto, ukuta wa jirani. Washa kipimo cha mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha, na upige picha moja ambamo nyumba na alama ya kudumu vinaonekana pamoja. Nina sababu ya kusisitiza. Vijiji vinne vya Loliondo, Tanzania, vilikwenda katika ile Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki baada ya maboma kuchomwa mwaka 2017. Septemba 2018 mahakama iliwapa amri ya zuio, lakini Septemba 2022 ikaitupa kesi yao, na sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa hii: maboma yaliyochomwa yalikuwa ndani ya ardhi ya kijiji au ndani ya Hifadhi ya Serengeti? Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaufuta uamuzi huo na kuagiza kesi isikilizwe upya. Miaka sita ilikuwa imekwenda, na watu walikuwa bado wanabishania mahali nyumba iliposimama. Kwa hiyo nguzo yako ya stima iingie kwenye picha.

Nakala za kila kitu zitoke nje ya mtaa siku hiyohiyo. Mara ya pili tulipobomolewa picha zote zilikuwa kwenye simu ya kijana mmoja, na simu ikaibwa katika vurugu. Sasa sisi humtumia dada yangu Machakos, tunatuma nyingine kwa wakili, na daftari lenyewe linafungwa kwenye karatasi ya nailoni.

Orodha ya mali ndiyo inayohitaji subira. Mama mmoja muuza mitumba aliniandikia mstari mmoja: "vitu vya nyumba vyote". Nikamuuliza, "Mama, sufuria ngapi?" Akacheka. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Sufuria nne, ya ugali ina mpini uliovunjika. Jiko la gesi la kilo sita. Godoro la inchi nne na godoro la watoto. Sare mbili za shule. Gunia la mitumba ambalo hajalifungua. Tulipofika kitu cha 31 alinyamaza kidogo, akasema, "Na mlango." Mlango? "Ule wa mbao, niliununua peke yake kwa fundi, shilingi 3,500. Niliuweka baada ya kuibiwa." Tukauandika. Stakabadhi hakuna, lakini ujumbe wa M-Pesa wa kumlipa seremala ulikuwepo, na huo ni stakabadhi.

Asubuhi yenyewe ya kubomolewa mchague watu wawili ambao kazi yao ni kuandika tu. Wasibebe godoro, wasibishane. Waandike saa, nambari za magari, sare, nani alisoma amri na kama alisoma kweli, nani alikataa kuonyesha karatasi. Baadaye nenda kituo cha polisi uchukue nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Wakikataa kukuandikia, na hilo hutokea, andika kwenye daftari siku uliyokwenda, saa, uliambiwa nini na ulikuwa na nani. Kukataliwa nako ni ushahidi.

Mahakama za nyumbani kwanza

Hapa ndipo malalamiko mengi ya Banjul hufia. Kifungu cha 56 cha Mkataba kinataka uwe umezimaliza njia za kisheria za nchini mwako, isipokuwa iwe wazi kwamba zinacheleweshwa kupita kiasi. Huwezi kurukia Banjul kwa sababu huwaamini majaji wa kwenu. Tume imeshasema mara nyingi kwamba kutilia shaka tu hakutoshi. Lakini pia imesema, tangu kesi ya Jawara dhidi ya Gambia, kwamba njia hiyo lazima iwe ipo kweli, ifanye kazi, na iweze kuponya kidonda. Ukiweza kuonyesha kwamba haikuwa hivyo, mlango unafunguka.

Kwa Kenya, mahali pa kuanzia ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu, na kifungu cha 152G kinaeleza jinsi ubomoaji unavyopaswa kufanywa: wanaobomoa wajitambulishe, waonyeshe idhini, maafisa wa serikali wawepo, utu wa watu uheshimiwe, wanawake, watoto, wazee na wenye ulemavu wapewe ulinzi wa pekee, na wenye nyumba wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa mali zao. Chukua kifungu hicho, kisome mstari kwa mstari, na mbele ya kila mstari andika kilichotokea kwenu. Ukurasa huo mmoja una thamani kuliko hotuba ya kurasa kumi. Katiba nayo, kifungu cha 43, inataja haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha.

Omba amri ya zuio mapema. Ukiipata na ikapuuzwa, umebomolewa, ndiyo, lakini umepata pia hoja nzito. Watu wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, walipewa notisi ya siku saba tarehe 15 Septemba 2011. Walipata amri ya mahakama tarehe 22. Tarehe 19 Novemba kijiji kikabomolewa vilevile. Walishinda Mahakama Kuu mwaka 2013, wakashindwa kwenye Rufaa mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho Januari 2021: watu waliokaa muda mrefu kwenye ardhi ya umma na kujenga makazi yao hapo wana haki ya makazi inayolindwa, hata bila hati. Soma uamuzi huo kabla ya kuandika lolote. Ukishinda kwa kuutegemea, Banjul hutakuwa na haja nayo, na hiyo ni heri.

Kesi yetu sisi ilikuwa ya kuahirishwa. Nilichukua karatasi moja nikaandika kila tarehe tuliyokwenda na sababu ya kurudishwa: jaji yuko likizo, faili haionekani, wakili wa upande wa pili anaomba muda, siku ya karantini, faili haionekani tena. Zilifika tarehe 14 na hakuna shahidi hata mmoja aliyesikilizwa. Wakili alipoiona alisema, "Hii ndiyo hoja ya ucheleweshaji, mama. Usiongeze neno." Weka ya kwako tangu siku ya kwanza, kwa sababu baada ya miaka minne hakuna anayekumbuka.

Masharti mengine ya kifungu cha 56

Taja jina la anayelalamika. Unaweza kuomba lifichwe serikali isilione, lakini Tume yenyewe lazima ilijue.

Usitukane. Rasimu yangu ya kwanza ilianza na "serikali hii ya majambazi wa ardhi", na nilijivunia sana sentensi hiyo. Ilifutwa, na ilistahili kufutwa. Shirika moja la Kamerun lilikataliwa miaka ya tisini kwa sababu kama hiyo: liliandika kuhusu "utawala wa watesaji" na "unyama", Tume ikasema hiyo ni lugha ya matusi, malalamiko yakaishia hapo, na hayo yote watu wakiwa wanalalamikia mateso mazito. Andika "maafisa walibomoa nyumba 63 saa kumi na moja alfajiri, watoto wakiwa ndani". Inauma zaidi ya tusi.

Usitegemee magazeti peke yake. Neno la muhimu ni "peke yake". Gazeti liambatishe, lakini nyuma ya hati za kiapo, picha na notisi.

Na usichelewe. Mkataba hausemi miezi mingapi, unasema muda wa kuridhisha tangu njia za ndani kwisha. Katika kesi moja ya Zimbabwe, miezi 22 ilionekana mingi mno, na hapo Tume ikagusia kipimo cha miezi sita kilichokuwa kikitumika wakati huo Ulaya na Amerika. Mimi huwaambia watu wachukulie miezi sita kama ndiyo sheria. Ukipitisha, eleza kwa nini: ugonjwa, kutawanyika, nakala ya hukumu kutolewa kwa kuchelewa. Nakala ya hukumu huchelewa sana, kwa hiyo tunza stakabadhi ya siku uliyoiomba.

Kuandika malalamiko yenyewe

Kurasa kumi hadi kumi na tano zinatosha, viambatisho kando. Andika mlalamikaji ni nani na waliodhurika ni akina nani, nchi inayolalamikiwa, kilichotokea kwa mpangilio wa tarehe, vifungu vya Mkataba vilivyovunjwa, mlichofanya mahakamani nyumbani, tamko kwamba shauri haliko mbele ya chombo kingine cha kimataifa, na mnachoomba. Umoja wa Afrika umekikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi tangu 2022, lakini mezani Banjul kazi nyingi inakwenda kwa Kiingereza na Kifaransa. Hati za kiapo chukua kwa Kiswahili kama watu walivyosema, kisha uambatishe tafsiri. Mama wa mlango alipotafsiriwa mara ya kwanza mlango wake ulipotea. Nikaurudisha.

Kwenye vifungu watu hukwama, maana ukiusoma Mkataba mwanzo hadi mwisho hutaona neno "makazi" likiwa haki. Jibu lilipatikana mwaka 2001 katika kesi ya Waogoni dhidi ya Nigeria, nambari 155/96. Tume ilisema haki ya makazi inazaliwa na haki tatu zikisomwa pamoja: mali, kifungu cha 14, afya, kifungu cha 16, na familia, kifungu cha 18(1). Ukibomoa nyumba umevunja mali, umeharibu afya na umetawanya familia. Basi daftari lako lipange hivyohivyo. Sufuria na mlango viende kifungu cha 14. Mtoto aliyelazwa kwa kichomi baada ya kulala nje, pamoja na kadi ya hospitali, kifungu cha 16. Watoto waliopelekwa kwa bibi mashambani na mume aliyebaki mjini, kifungu cha 18. Taja pia azimio nambari 231 la Tume, la mwaka 2012, linalohusu makazi ya kutosha na kuhamishwa kwa nguvu. Kama ardhi yenu ni ya mababu, ongeza vifungu vya 8, 17, 21 na 22, na usome kesi ya Waendorois wa Ziwa Bogoria, nambari 276/2003.

Kama bado kuna cha kuokoa, omba hatua za dharura kwenye ukurasa wa kwanza, usizifiche mwishoni. Eleza madhara ambayo hayatarekebishika na lini yatatokea. Waogiek walipewa notisi ya siku 30 Oktoba 2009. Malalamiko yalifika Tume tarehe 14 Novemba, na tarehe 23 Novemba Tume ikaitaka Kenya isimamishe. Siku tisa. Hata kama nyumba zimeshaanguka, unaweza kuomba uwanja usijengwe ukuta wala kuuzwa kesi ikiendelea.

Ukishatuma

Tume kwanza inaamua kama inalipokea shauri. Ikilipokea utapewa nambari, nawe utakuwa na siku 60 za kuwasilisha hoja na ushahidi wote, kisha serikali nayo inapewa muda wake. Siku 60 ni chache kama hukuwa na daftari. Mambo haya ni ya siri mpaka ripoti itolewe, kwa hiyo usipeleke majibu ya serikali kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Halafu utangoja, na sitakudanganya kuhusu urefu wake. Waendorois walikataliwa na Mahakama Kuu Nakuru mwaka 2002, wakaenda Banjul 2003, wakashinda kwa uamuzi uliotangazwa Februari 2010, na ardhi yao wanaidai hadi leo. Waogiek walishinda Arusha tarehe 26 Mei 2017. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa maumivu, na ardhi ipimwe wapewe hati ya pamoja. Novemba 2023 nyumba zilibomolewa tena Mau. Banjul haina askari wala dalali wa mahakama. Serikali hupewa siku 180 kueleza imetekeleza nini, na siku ya 181 ni kazi yako kuandika kwamba haijatekeleza, nakala kwa tume ya haki za binadamu ya kwenu na kwa mbunge.

Kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia: watu waliobomolewa hutawanyika, na simu zao hubadilika. Fidia ikija leo, utamlipa nani? Nyuma ya daftari letu kuna orodha ya nyumba 63, na kila baada ya miezi mitatu hupiga simu moja baada ya nyingine. Asiyepatikana namtafuta kupitia mtu wa karibu, na kwa sababu hiyo kila ukurasa una namba mbili, yake na ya ndugu asiyeishi mtaani. Mwezi uliopita nilikuwa nimebakisha wawili. Mmoja nimempata Kitengela, anauza mitumba bado, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama mlango wake bado umeandikwa.